Kabla hujapanda mikoko, uliza ile ya mwanzo ilikufa kwa nini

Ikitajwa ishu ya visiwa na mabadiliko ya tabianchi, picha zinazozunguka mtandaoni huwa ni zilezile mbili: ukuta wa zege uliopigwa na mawimbi mpaka umepasuka, au kundi la watu wamezama kwenye tope mpaka magotini wanachomeka miche ya mikoko huku wanapigwa picha. Hapo mabishano yanaanza, huyu anasema ukuta ndo suluhisho, yule anasema ukuta ni kutupa hela baharini, tupande miti. Mimi naona wote wanaliruka swali la kwanza kabisa, yaani hicho kisiwa kilikuwa kinajilindaje miaka yote kabla ya huo ukuta na kabla ya hiyo miche, na ni kitu gani kimeharibika mpaka leo kinahitaji kulindwa? Ukishalijibu hilo mengine yanakaa sawa, usipolijibu unaweza kumwaga mamilioni ya dola na baada ya miaka 3 ukarudi usikute hata mti mmoja.

Kitaalamu njia ya kukilinda kisiwa kwa mikoko, matumbawe na viumbe wengine inaitwa kukabiliana na tabianchi kwa kutumia mifumo ikolojia, na maelezo yanayotumika sana yalitoka kwenye Mkataba wa Bioanuwai mwaka 2009: ni kutumia viumbe hai, pamoja na kazi wanazotufanyia, kama sehemu ya mkakati mzima wa kuwasaidia watu wakabiliane na madhara ya tabianchi. Ni sehemu ya mkakati, sio mkakati wote. Huko chini utaona kwa nini hilo ni la msingi.

Tuanze na kisiwa chenyewe, maana watu wengi tunakichukulia kama jiwe limekaa tu baharini linasubiri kuliwa na maji. Kuna visiwa vya milima, vilivyotoka kwenye volkano kama vile vya Komoro, hivyo vina udongo na mito na misitu juu. Alafu kuna vile vya chini kabisa, atoli, kama Maldives, Tuvalu na Kiribati, ambavyo ardhi yake karibu yote imetengenezwa na viumbe hai. Matumbawe yanajenga mwamba wa chokaa chini ya maji, ule mwamba unasagika taratibu, mawimbi yanausomba mchanga wake yanaurundika, na hapo juu ya rundo ndo watu wamejenga nyumba, msikiti, kanisa na shule. Kwa hiyo atoli ni kitu kinachotengenezwa kila siku, na kiwanda kikisimama, kisiwa nacho kinaanza kuisha.

Wanaoufanya huo mchanga ni akina nani? Hapa mi ndo huwa napenda kumtaja pono, samaki wa kwenye miamba. Pono meno yake yameungana yakawa mdomo mmoja mgumu sana, na kutwa nzima anachokifanya ni kukwangua mwamba ili apate mwani na vijidudu vilivyomo, sasa akikwangua anameza na chokaa, kule kooni ana meno mengine ya kusaga, anasaga yote kuwa unga, chakula kinabaki tumboni na kile kisichofaa anakitoa kwa nyuma, na hicho anachokitoa ndo mchanga mweupe. Huko Maldives kuna kisiwa kinaitwa Vakkaru ambako watafiti walikaa wakapima mchanga mpya unatoka wapi hasa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha zaidi ya asilimia 85 ulikuwa umetoka kwa pono. Soma tena hiyo namba. Maana yake mvuvi anayebeba pono wote waliopo kwenye mwamba anapunguza ardhi ya kisiwa chake bila kujua, na serikali inayoweka sheria ya kuwalinda pono, kama walivyofanya Bonaire kule Karibi mwaka 2010 walipopiga marufuku kuwavua, inalinda ufukwe bila kununua hata mfuko mmoja wa simenti.

Kuna jambo hapa linawachanganya sana watu, na ni bora liwekwe wazi. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa visiwa 101 vya Tuvalu, walilinganisha picha za kutoka angani za mwaka 1971 mpaka 2014, wakakuta eneo la ardhi kwa jumla limeongezeka kwa asilimia 2.9 ingawa bahari ilikuwa inapanda muda wote huo. Wapo waliolishika hilo wakasema si mnaona, habari za bahari kupanda ni uzushi. Hapana. Kilichoonekana pale ni kwamba mashine ya mchanga ilikuwa bado inafanya kazi, mawimbi yanaleta na kurundika, kisiwa kinasogea, kinanenepa upande mmoja kinakonda upande mwingine. Kisiwa kinaweza kuongezeka ukubwa na bado visima vyake vikaingia chumvi, na bado nyumba iliyoko upande unaokonda ikaanguka. Ila fundisho lake ni zito: kisiwa kinaishi kwa kusogea, na ukikizuia kisisogee unakiua kwa njia nyingine. Kule Tarawa Kusini, Kiribati, visiwa vidogovidogo viliunganishwa kwa barabara za tuta, watu walizihitaji kweli, hakuna wa kuwalaumu, lakini tuta likiziba mlango ambao maji yalikuwa yanapita kati ya bahari kuu na wangwa wa ndani, yaani lile ziwa la maji ya bahari lililozungukwa na visiwa, mchanga nao unabadili njia, na ufukwe uliokuwa unalishwa unaanza kukonda.

Ukuta wa bahari nao una tabia yake. Wimbi likipiga ufukwe wenye mteremko linapanda, linachoka, linarudi. Likipiga ukuta uliosimama wima linarudi na nguvu zake karibu zote, linachimba mchanga miguuni mwa ukuta mpaka msingi unabaki wazi, na pale ukuta unapoishia maji yanazunguka yanakwenda kumla jirani. Ndo maana ukuta mmoja huzaa mwingine, jirani akishaliwa anataka na yeye ajengewe. Sisemi kuta zote zibomolewe. Mji mkuu wa Maldives, Malé, ulipigwa vibaya na mawimbi mwaka 1987 na baada ya hapo Japani ikasaidia kuujengea kinga ya zege, na kwa mji ule uliojaa majengo mpaka ukingoni sioni wangefanya nini kingine. Hospitali, bandari, mtambo wa umeme, hivi huwezi kuviambia visubiri matumbawe yakue. Ninachobishia ni kile kitendo cha kuupeleka ukuta kila mahali, mpaka kwenye ufukwe ambao mwamba wake ungetunzwa ungefanya kazi hiyohiyo na kulisha watu samaki juu yake.

Kwani mwamba unafanya kazi kiasi gani? Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014, uliokusanya vipimo kutoka bahari mbalimbali duniani, ulikuta miamba ya matumbawe inapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97, na ile sehemu ya juu tu ya mwamba, pale mawimbi yanapovunjikia, inachukua peke yake asilimia 86. Sababu ni mbili. Kwanza ni kina, wimbi likitoka kwenye maji marefu likakutana ghafla na maji mafupi linavunjika. Pili ni ukwaruzo, matumbawe hai yana matawi na mashimo na mapango, maji yakipita humo yanasuguana na kupoteza kasi. Tumbawe likifa, miaka ya mwanzo bado linasimama na huoni tofauti kubwa, lakini taratibu linaliwa, linabomoka, mwamba unakuwa laini na unashuka, na hapo ndo watu wa pwani wanaanza kusema mbona siku hizi bamvua linafika uani. Uchambuzi uleule uliweka na bei: kujenga kinga ya mawimbi ya kawaida kwenye nchi za joto, gharama ya katikati ilikuwa dola 19,791 kwa mita moja, kukarabati umbo la mwamba dola 1,290. Bei za sehemu na sehemu zinatofautiana mno, lakini hata ukizungusha vipi hilo pengo ni kubwa.

Grenada, kisiwa cha Karibi, wana sehemu inaitwa Grenville Bay, ambako upande mmoja wa ghuba ufukwe umekaa vizuri na upande mwingine unaliwa vibaya, na ukiangalia chini ya maji unakuta ule upande unaoliwa ndo ule ambao mwamba wake umeharibika. Walichofanya pale ni kutengeneza makasha ya chuma yaliyojazwa mawe na kuyazamisha kama kinga ya majaribio, yavunje mawimbi na papo hapo yawe mahali pa matumbawe kushika na samaki kukaa. Hii ndo inaitwa njia mseto, nusu kazi ya fundi nusu kazi ya viumbe, na kwa maoni yangu kwenye visiwa vingi hapa ndo patakuwa na majibu zaidi kuliko pembe zile mbili za mabishano.

Sasa maji ya kunywa, maana hili huwa linasahaulika kabisa, watu wanaongelea mawimbi tu wakati kisiwa kinaweza kuhamwa kwa kiu kabla hakijazama. Chini ya kisiwa cha mchanga mvua ikinyesha inazama, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, yanakaa juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya maji. Kanuni ya kwenye vitabu inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba karibu mita 40 chini yake, ingawa kwenye visiwa vidogo tabaka hilo ni jembamba zaidi kwa sababu kupwa na kujaa kunayachanganya. Angalia hiyo hesabu vizuri uone hatari yake, ukivuta maji sana ukashusha kile kimo kidogo cha juu, chini chumvi inapanda kwa mara nyingi zaidi. Na wimbi likivuka ufukwe mara moja tu likamwagika ndani, chumvi inazama kwenye hilo tabaka na kisima kinaweza kukaa miezi mingi bila kunyweka. Utafiti wa mwaka 2018 uliofanyika kwenye atoli za Visiwa vya Marshall ulieleza wazi kwamba nyingi zinaweza kushindwa kukalika kufikia katikati ya karne hii kwa sababu hiyohiyo, mawimbi kuvuka na kuharibu maji, muda mrefu kabla ya ardhi yenyewe kuzama.

Kwa hiyo chochote kinachozuia wimbi lisivuke kinalinda pia kisima. Lamu wanalijua hili kwa macho, yale matuta ya mchanga ya Shela ndo yanayopokea mvua, yanaichuja na kuihifadhi, na visima vya mji wa Lamu vinategemea hapo. Mtu akiona tuta la mchanga anaona kiwanja cha bure au mchanga wa ujenzi, kumbe ni tangi la maji la mji mzima na pia ni boma la kuzuia bahari. Kuchimba mchanga pale, au kujenga juu yake na kuweka mashimo ya vyoo, ni kulitoboa hilo tangi.

Kwenye visiwa vya milima tangi liko juu, msituni. Ndzuani huko Komoro miti ya milimani imekatwa kwa mashamba, kwa ujenzi, na kwa kuni, zikiwemo kuni nyingi zinazochemshia maua ya mlangilangi ili kutoa mafuta ya manukato, na mito mingi iliyokuwa inatiririka mwaka mzima sasa inapita maji msimu wa mvua tu. Na haviishii hapo, mvua ikinyesha kwenye mlima ulio uchi udongo unashuka wote baharini, unafunika matumbawe, yanakosa mwanga, yanakufa, mawimbi yanaingia. Unaona sasa vitu vinavyoshikana, mtu amekata mti kwenye mteremko na anayeliwa ufukwe ni mwingine huko chini ambaye hata hawajuani. Ndo maana siku hizi wanaofanya kazi hii kwenye visiwa vya Pasifiki wanapanga kuanzia kileleni mpaka kwenye mwamba kwa pamoja.

Kuna mfano mwingine wa vitu kushikana ambao kwangu ni wa ajabu kuliko yote, nao ni panya. Visiwa vya Chagos katikati ya Bahari ya Hindi, vingine vina panya walioletwa na meli zamani, vingine havina. Panya wanakula mayai na vifaranga vya ndege wa baharini. Watafiti walilinganisha, wakatoa matokeo mwaka 2018: visiwa visivyo na panya vilikuwa na ndege mara 760 zaidi, kinyesi cha hao ndege kinarutubisha ardhi na kinaingia mpaka kwenye maji, na samaki kwenye miamba ya jirani walikuwa na uzito wa jumla uliozidi kwa asilimia 48, wakiwemo wale wanaokwangua mwani na kuusafisha mwamba. Kuondoa panya kisiwani ni kazi inayofahamika, inafanyika, na kwenye visiwa vidogo ni moja ya vitu vya maana zaidi unavyoweza kufanya kwa ajili ya mwamba, japo hakuna atakayepiga nayo picha nzuri.

Haya, mikoko. Faida zake sina haja ya kuzipigia debe sana, msitu wa upana wa mita 100 unaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 mpaka 66 kutegemea mizizi ilivyobanana na maji yalivyo marefu, unashika tope, unalea samaki na kaa wadogo, unahifadhi kaboni nyingi ardhini. Kasheshe liko kwenye kuipanda. Baada ya tsunami ya mwaka 2004 Sri Lanka ilipokea hela nyingi za kupanda mikoko, na watafiti walipokuja kukagua maeneo 23 yaliyopandwa walikuta 9 hayana hata mche mmoja uliobaki, na kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 hivi zilizopandwa kilichofanikiwa kilikuwa kama hekta 200 hadi 220. Ufilipino nako kampeni zilikuwa kubwa mno na miche mingi ikafa. Sio kwamba watu walikuwa wavivu, walichomeka miche kwa moyo kabisa, tatizo walichomeka mahali ambapo mkoko hauwezi kuishi.

Mkoko hauishi tu popote penye tope na maji ya chumvi. Unaishi kwenye nusu ya juu ya eneo ambalo maji yanajaa na kupwa, yaani juu ya usawa wa kati wa bahari, kwa sababu mizizi yake inahitaji kupumua. Ukitembea kutoka baharini kuingia ndani kwenye msitu wa asili wa pwani ya Afrika Mashariki unaiona hiyo ngazi, mbele kabisa mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi inayousimamisha kama miguu, alafu mkandaa, na huko nyuma kwenye chumvi kali mchu. Kila mmoja ana saa zake za kukaa kwenye maji. Sasa mradi ukija, unachukua mbegu za huo mkoko wa mizizi kama miguu kwa sababu ni ndefu, ni rahisi kuokota na rahisi kuchomeka, unazipeleka kwenye tope la chini ambalo liko wazi. Maji yakijaa mche unazama wote, unakaa hivo saa nyingi, yakipwa unabaki umepakwa tope majani yote, chaza na viumbe vingine vinaung'ang'ania shina mpaka linainama, mawimbi yanautikisa kabla haujashika, na baada ya miezi michache umekwisha. Na mara nyingi hapo palipopandwa palikuwa na majani ya bahari, ambayo nayo yalikuwa yanashika mchanga na kulea samaki, kwa hiyo umeharibu kimoja na hujapata kingine.

Mbona sasa wanapanda huko chini? Hili ndo jibu lenyewe, na wanasayansi wa Ufilipino walilisema wazi tangu mwaka 2008: kule juu ambako mikoko ilikuwa inaishi kumeshakuwa mabwawa ya kufugia samaki na kamba, kuna mwenyewe ana karatasi, na kule chini hakuna mwenyewe. Mche unapelekwa mahali pasipo na mgogoro wa ardhi, sio mahali unapoweza kuota.

Kinachofanya kazi ni kurudi kwenye lile swali, ilikufa kwa nini na nini kinaizuia isirudi. Saa nyingine ni tuta la bwawa lililoachwa, unalitoboa pale ambapo mkondo ulikuwa unapita zamani, maji yanaanza kuingia na kutoka kama mwanzo, na mbegu zinaletwa na maji zenyewe, kila moja inashika kwenye kimo chake bila wewe kuchomeka kitu. Saa nyingine ni barabara iliyoziba maji, inahitaji tu makalavati. Saa nyingine ni mbuzi au ng'ombe wanakula miche, au watu wanakata kwa sababu hawana nishati nyingine, na hapo dawa ni kuzungumza habari ya nishati na sio miche. Kupanda kwa mkono kunabaki kuwa hatua ya mwisho, pale ambapo mbegu kweli hazifiki.

Demak, kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, Indonesia, wana somo la pande zote mbili. Mikoko ilikatwa ikawa mabwawa ya kamba, bahari ikaanza kula ardhi kwa kasi, vijiji vikazungukwa na maji. Wakajenga wigo wa mianzi na matawi ndani ya maji, wigo unaopitisha maji lakini unayachosha, ili tope litue nyuma yake na ardhi ipande mpaka mkoko urudi wenyewe. Sehemu zingine tope lilitua na mikoko ikaja. Lakini kumbe ardhi yenyewe ya eneo lile inadidimia, kwa sababu maji ya chini ya ardhi yanavutwa kupita kiasi na viwanda na miji ya jirani, na hakuna wigo unaoweza kushindana na ardhi inayozama. Kazi nzuri ya wanakijiji ikaangushwa na kitu ambacho kijiji hakina mamlaka nacho.

Hapo ndo tunafika kwa watu, na mimi siamini mradi wowote wa namna hii ambao wenye pwani yao wameitwa kwenye semina tu kupewa taarifa. Kusini magharibi mwa Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004 walianza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa wasivue pweza. Pweza anakua haraka sana, kwa hiyo wakifungua wanakuta wakubwa na wengi, faida inaonekana ndani ya msimu mmoja na sio baada ya miaka 20. Kutoka hapo vijiji vya jirani vikajiunga vikaunda eneo la bahari la Velondriake, wakajiwekea sheria zao za kimila zinazotambulika, na wakafika hadi kufunga maeneo mengine moja kwa moja. Pemba nako, Kisiwa Panza, wamefanya ufungaji wa pweza wa namna hiyo. Utauliza pweza anahusiana vipi na tabianchi. Anahusiana hivi, jamii iliyokwisha kuzoea kukubaliana, kulinda, na kugawana kinachopatikana ndo jamii itakayoweza kulinda pono na mikoko kwa miaka mingi, na mwenye hela mfukoni kwa ajili ya pweza hakati mkoko wa kuuza kwa sababu ya shida ya leo.

Na hela za kuendesha mambo haya zitoke wapi, kwa sababu visiwa vidogo vyote vikijumlishwa vinatoa chini ya asilimia 1 ya gesi joto za dunia na vina madeni mpaka shingoni. Ushelisheli walifanya vitu viwili ambavyo kila nchi ya visiwa ingefaa ivichunguze. Mwaka 2016 deni lao la dola milioni 21.6 lilinunuliwa na kupangwa upya kwa masharti kwamba hela iende kulinda bahari, na kufikia Machi 2020 walikuwa wametangaza hifadhi kwenye asilimia 30 ya eneo lao la bahari. Alafu Oktoba 2018 wakatoa hatifungani ya bluu, yaani mkopo wa serikali ambao hela yake ni ya shughuli za bahari, ya dola milioni 15, ya kwanza ya serikali duniani. Upande wa Mexico, jimbo la Quintana Roo lenye kisiwa cha Cozumel ndani yake, walikata bima ya mwamba wenyewe. Kimbunga Delta kilipopiga mwaka 2020 bima ikalipa zaidi ya dola 800,000, na vikosi vya wapiga mbizi waliokwisha fundishwa wakaingia majini kuokota vipande vya matumbawe vilivyovunjika na kuvibandika upya kabla havijafa. Hili la kufundisha vikosi mapema ni la maana kuliko hata bima, kwa sababu tumbawe lililovunjika halisubiri vikao.

Sasa mipaka, na hapa lazima tuseme ukweli wote hata kama unauma. Matumbawe yanakufa kwa joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto, na visiwa vya ndani vya Ushelisheli vikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Aprili 2024 ikatangazwa kuwa dunia imo kwenye tukio la nne la matumbawe kupauka karibu kila bahari ya joto. Jopo la IPCC, lile la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, lilisema mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka nyuzi joto 1.5 tutapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, na ikifika 2 ni zaidi ya asilimia 99. Ukilinda pono na ukazuia udongo, mwamba unapata nafasi ya kupona kati ya joto moja na jingine, na hiyo nafasi ina thamani kubwa sana, lakini huukingi mwamba na moto unaowashwa na viwanda vya mbali. Ndo maana visiwa vimepeleka suala hili mpaka mahakamani, Vanuatu ikaongoza juhudi zilizoleta maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki Julai 2025 kuhusu wajibu wa nchi katika kulinda tabianchi. Kudai huko na kuotesha mikoko huku ni kazi moja.

Mikoko nayo inaweza kufa, kimbunga Dorian kiliua misitu mikubwa ya mikoko Grand Bahama na Abaco, visiwa vya Bahamas, mwaka 2019. Na ina kasi yake. Bahari kwa wastani ilikuwa inapanda milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Rekodi za miaka 10,000 iliyopita zinaonyesha mikoko inaweza kujiinua yenyewe kwa kushika tope na kuongeza mizizi, lakini bahari ikipanda kwa zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka inashindwa kukaa palepale. Ikishindwa haifi moja kwa moja kama ina pa kwenda, inahamia ndani, mche mmoja mmoja, kizazi kwa kizazi.

Swali linakuwa nyuma yake kuna nini. Kama nyuma yake kuna barabara ya lami, hoteli, au ukuta wa nyumba ya mtu, msitu unabanwa katikati na unaisha. Kama kuna uwanda wa chumvi au shamba ambalo mwenyewe amekubaliana na kijiji na amelipwa fidia, una pa kupumulia kwa miaka mingine mingi. Kwa hiyo kwenye kisiwa chenye mikoko, uamuzi mkubwa wa kukabiliana na tabianchi pengine haufanyiki kwenye tope kabisa, unafanyika kwenye ofisi ya ardhi, siku kibali cha kujenga nyuma ya msitu kinapotolewa au kukataliwa, na hivyo vibali vinatolewa sasa hivi, kabla hata wafadhili hawajamaliza kuandika ripoti. Mtu wa kijijini anayetaka kujua kama mradi uliokuja kwao ni wa kweli, aombe aonyeshwe ramani ya nyuma ya mikoko, nani anamiliki nini, na kimeandikwa nini kuhusu hapo kwa miaka 50 ijayo. Kama hiyo ramani haipo, bado wako kwenye kuchomeka miche.